Kupunguza uzito wa sledi na kuzuia barafu isigande: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali naulizwa gereji huku Alberta, Kanada, kila msimu, kuanzia Novemba mpaka theluji inakatika, mengine na Wabongo na Wakenya wenzangu walioanza mchezo huu ukubwani, mengine na wazungu waliozaliwa juu ya sledi. Nikisema sledi namaanisha pikipiki ya theluji, ile yenye ski mbili mbele na treki ya mpira nyuma. Mifano yangu mingi ni ya sledi za milimani, injini ya tustroki (ya mapigo mawili) ya cc 850 hivi, treki ndefu ya inchi 154 au 165, zile zinazopanda huko Revelstoke na Valemount upande wa British Columbia. Kama ya kwako ni ya kutembea njia zilizosawazishwa, soma taratibu maana kuna vitu humu ukivifanya utajutia.

Nianze na kipi, kupunguza uzito au kuzuia barafu?

Barafu, na sibishani na mtu hapo. Barafu ni uzito pia, tena uzito ambao hujaulipia na hauna kazi yoyote. Lita moja ya barafu ni kama gramu 917, kwa hiyo ukibeba lita kumi zimeganda huku na kule kwenye saspensheni na chini ya vikanyagio tayari una zaidi ya kilo 9, na hizo kilo 9 ukitaka kuzitoa kwa kununua vipuri vyepesi utauza ng'ombe.

Kama huamini fanya hivi. Ukitoka mlimani ingiza sledi gereji, inyanyue, weka beseni kubwa au trei chini, washa hita ulale. Asubuhi pima yale maji kwa chupa ya lita. Lita moja ya maji ni kilo moja, hakuna hesabu ngumu hapo. Watu wengi wakishaona beseni limejaa mpaka linamwagika wanaacha kuniuliza bei ya bolti za titani.

Nje ni nyuzi -15, theluji kavu kama unga, sasa barafu inatoka wapi?

Inatoka kwenye joto la sledi yenyewe. Theluji kavu haina shida, inaruka tu inaondoka. Shida ni theluji iliyoyeyuka halafu ikakuta chuma baridi. Sledi nyingi hazina rejeta mbele kama gari, zina rejeta za bapa zimebandikwa chini ya taneli (taneli ni ule mwili mrefu wa alumini unaokalia, treki inazungukia chini yake) na treki inarushia theluji pale juu ili maji ya injini yapoe. Theluji ikigusa rejeta inayeyuka, yale maji yanarushwa nyuma na treki, yanafika kwenye magurudumu ya nyuma, kwenye reli (zile mbili ambazo treki inateleza juu yake), kwenye mkono wa shokapu, kwenye bampa, na huko hakuna joto, yanaganda palepale. Tabaka juu ya tabaka, kama friji ya zamani ya dukani ambayo mwenye duka hajaidifrosti tangu Idi iliyopita.

Joto la pili ni la ekzosi. Lile boksi la mbele likichemka linapasha paneli ya pembeni na kisima cha mguu (lile shimo unaloingiza mguu ukikaa), theluji ya kwenye buti lako inayeyuka pale, ukisimama dakika tano kupiga stori imeshakuwa jiwe na mguu haukai sawa tena.

Basi si nizibe hizo rejeta za chini zisiyeyushe theluji?

Hapana aisee, utaua injini. Hiyo theluji ndiyo maji yako ya kupoozea. Ukitembea kwenye barabara ngumu au juu ya ziwa lililoganda ambapo hakuna theluji laini, sledi inachemka hata kama nje ni nyuzi -25, na zile plastiki za reli ambazo treki inateleza juu yake zinayeyuka, maana nazo zinategemea theluji kama grisi. Ndiyo maana watu wanafunga skracha, vile vyuma viwili vinavyoning'inia kwenye reli na kukwaruza barafu ya chini ili vumbi lake liruke juu. Kama huna skracha na sledi yako ni ya mlimani funga kwanza hizo, ni vitu vidogo sana kwa uzito na vinakuokoa mengi. Angalizo: zile za chuma kigumu ukirudi nyuma bila kuzinyanyua zinapinda au zinavunjika, za waya wa kusokotwa zinavumilia.

Sehemu gani hasa niangalie?

Lala chini na tochi siku sledi imerudi na barafu yake, kabla haijayeyuka, yenyewe itakuonyesha. Ila kwa kawaida ni hizi.

Nyuma kabisa kwenye ekseli na magurudumu makubwa ya nyuma. Pale barafu inajaa katikati ya gurudumu na reli mpaka ukiibandua inatoka na umbo la gurudumu kabisa, na alama za bolti. Huu ndio uzito mbaya kuliko wote kwa sababu uko mwisho wa sledi, mbali na wewe, kwa hiyo ukitaka kuinua ski au kulaza sledi ubavu unapigana na kilo zilizokaa mwisho kabisa wa mkono wa mzani.

Chini ya vikanyagio, ile mikunjo ya alumini. Kama vikanyagio vyako ni vile vya zamani vyenye matundu madogo, badilisha uweke vyenye nafasi kubwa na meno, theluji inaanguka yenyewe. Hapa unapata faida mbili, vinakuwa vyepesi na havishiki barafu, ila hakikisha ni vya kuungwa vizuri maana hapo ndipo unaposimama ukiruka.

Kisima cha mguu upande wa ekzosi. Dawa yake ni kuzuia joto lisifike: bandika ile foili nzito ya kuzuia joto ndani ya paneli. Mtu anaweza kukuambia utoboe matundu zaidi theluji ianguke, sawa, lakini kama joto bado linakuja utakuwa unatengeneza barafu yenye matundu.

Halafu mbele, ndani ya boneti kuzunguka nguzo ya usukani. Sledi nyingi zina uwazi pale chini ambapo mikono ya ski inaingilia, theluji inapandia humo, inakuta injini moto, inayeyuka, ukisimama kula inaganda na usukani unakuwa mzito au unagoma kukata kona. Ziba nafasi ambazo hazina kazi kwa sponji ngumu ya seli zilizofungwa, ile ya mikeka ya mazoezi. Usitumie sponji ya godoro, ile inanyonya maji na utakuwa umejifungia tofali la barafu mwenyewe. Na matundu ya hewa ya injini usiyazibe kwa sponji, hayo yanafunikwa kwa wavu mwembamba usiopenda maji, hewa inapita theluji inabaki nje.

Sprei gani inazuia barafu?

Silikoni inafanya kazi, nta ya gari inafanya kazi, hata sprei ya mafuta ya kupikia inafanya kazi, kuna wazee huku wanatumia hiyo kila Jumamosi na hawana habari na kitu kingine. Lakini elewa kinachofanyika: barafu bado itaganda, ila haitang'ang'ania, ukigonga kidogo inatoka kipande kizima. Na inaisha. Ukishapita kwenye theluji ya kukwaruza saa mbili tatu, sehemu za chini sprei imekwenda. Kwa hiyo ni kitu cha kurudia kila unapotoka.

Zile rangi za kisasa za kufukuza maji, ambazo kwenye video tone linateleza kama zebaki, sizikatai ila usilipe hela nyingi ukitegemea miujiza. Kufukuza tone la maji na kukataa barafu ni mambo mawili, ukungu ukishaganda kwenye vile vinyweleo vya rangi barafu inashika kuliko hata alumini tupu. Bora plastiki ngumu nyororo, ile ile familia ya plastiki za reli, ukiikata shiti nyembamba ukaipigia riveti sehemu inayoshika sana. Barafu haiipendi.

Na sprei yoyote ile, weka mbali na diski ya breki na mbali na klachi na beliti yake. Tafadhali sana. Sledi inatumia beliti ya mpira kupeleka nguvu, beliti ikipata silikoni inateleza, inachemka, inakatika, na itakatikia sehemu ambayo kurudi kwa miguu ni nusu siku.

Nikisimama kula, nikirudi treki imegandia chini. Nifanyeje?

Hapa watu wanaharibu beliti kila mwaka. Unasimama na taneli ya moto, theluji iliyo kwenye treki inayeyuka, maji yanashuka, baada ya dakika kumi na tano treki na ardhi ni kitu kimoja, wewe unakuja unavuta eksileta mpaka mwisho, treki haizunguki, klachi inasaga beliti palepale unanusa mpira.

Kabla ya kusimama pita kwanza kwenye theluji laini ambayo haijakanyagwa, taratibu, mita mia hivi, taneli ipoe. Kisha gusa eksileta na breki mara moja moja ili treki itikisike ishushe maji. Ukizima, shika bampa la nyuma unyanyue uiache ianguke, au kama ni sledi ya mlimani ilaze ubavu kabisa, tangi liko vizuri haitamwaga, dakika moja tu kisha irudishe. Ukirudi, kabla ya kuwasha nyanyua tena nyuma kidogo na upige teke ski kushoto kulia mpaka zimeachia. Usiku weka treki juu ya mbao mbili au kwenye stendi yake.

Na kuna tabia ya kumnyanyulia mwenzako nyuma ya sledi yake halafu yeye anavuta mafuta ili treki ikung'ute barafu. Kama kuna mtu amesimama nyuma, hapana. Kipande cha barafu au msumari wa treki ukitoka kwa mwendo ule unavunja mguu.

Naweza kugonga barafu na nyundo? Maji ya moto je?

Nyundo ya chuma hapana, alumini ikiwa baridi sana inapata kovu na rejeta zikitoboka safari imeisha. Tumia nyundo ya mpira au mpini wa koleo la mbao, gonga barafu yenyewe pembeni sio chuma.

Maji ya moto nje kwenye baridi usifanye kabisa. Yanayeyusha juu, yanaingia ndani ya beringi na waya, yanaganda huko ambako hukuwa na barafu mwanzoni. Chaguo ni mawili tu: ama uingize ndani kwenye joto iyeyuke YOTE, ikauke, upulize na blowa, upige grisi kwenye nipo za saspensheni ili maji yatoke, ama uiache nje baridi uiondolee theluji kwa brashi. Kuiweka ndani saa moja halafu kuitoa ni kazi mbaya kuliko zote mbili.

Eksileta inaganda, au injini inakohoa kama haina mafuta. Ni barafu hiyo?

Inaweza. Kwa sledi za zamani zenye kabureta, petroli ikigeuka mvuke inanyonya joto la hewa, unyevu ulioko kwenye hewa unaganda ndani ya koo la kabureta. Cha ajabu hii inatokea zaidi kwenye baridi ya kawaida yenye unyevu, karibu na sifuri, kuliko kwenye nyuzi -30 ambako hewa haina maji ya kugandisha. Dawa ni bomba la kulanti (maji ya kupoozea injini) kupita kwenye kabureta, sledi nyingi zilikuja nalo, na watu wanaochachamaa na uzito ndio wanaolitoa. Lirudishe. Maji kwenye petroli ni kesi nyingine, hiyo unaweka alkoholi ya isopropili kidogo kwenye tangi, dawa za dukani za kuzuia petroli isigande ndizo hizo hizo.

Waya wa eksileta ukiganda wakati eksileta imevutwa hilo ni jambo la kufa na kupona. Kila ukitaka kuwasha, bana eksileta uachie mara mbili tatu uone inarudi yenyewe. Na kamba ya usalama ya kuzimia injini iwe imefungwa kwenye koti, sio inaning'inia kwenye usukani kama pambo.

Haya, uzito sasa. Sina hela nyingi, nianze wapi?

Anza na tangi. Petroli lita moja ni kama gramu 740, tangi la lita 40 likijaa ni karibu kilo 30. Kama safari yako inakula lita 25 kwanini unabeba 40? Bakisha akiba ya kutosha kurudi na ya kumtafuta mwenzako akipotea, sehemu iliyobaki acha kwenye gari. Hiyo haikugharimu hata senti na umeshatoa kilo nyingi kuliko vifaa vya mamilioni.

Pili, lile begi la nyuma kwenye taneli. Fungua uone. Kuna jamaa ana beliti mbili za akiba, mnyororo, spana za inchi wakati sledi yake ni ya milimita, na kopo la soda la mwaka juzi. Begi lenyewe linakusanya theluji juu yake. Hamishia vitu vya lazima karibu na katikati ya sledi au mgongoni.

Tatu ni wewe mwenyewe mkuu, ila hiyo tunaijadili Februari baada ya pilau za sikukuu kuisha.

Kwenye brosha imeandikwa kilo 200, mbona mizani yangu inasema karibu 250?

Wanakuandikia uzito mkavu, yaani bila petroli, bila oili, bila kulanti. Sledi za milimani kavu zipo kama kilo 190 mpaka 220 kutegemea mwaka na vifaa. Weka vimiminika vyote, begi, skracha, kioo, halafu barafu, ndio unafika huko ulikofika. Kila unapobadilisha kitu pima kabla na baada kwa mizani, usiamini maandishi ya kwenye boksi la kipuri.

Kwanini watu wanasisitiza sana vitu vinavyozunguka?

Kwa sababu kilo iliyokaa kwenye siti injini inaibeba tu, ila kilo iliyo kwenye treki au klachi au diski ya breki injini inaibeba NA inaizungusha kila unapovuta mafuta. Utaisikia mara moja mkononi. Kwa hiyo treki ya tabaka moja badala ya mbili, diski nyepesi, kubadilisha cheni na boksi lake la oili kuweka beliti ya meno, hivyo ndivyo vinavyobadilisha tabia ya sledi. Polaris, kiwanda cha sledi, waliingiza beliti hiyo ya meno kwenye sledi zao za milimani mwaka wa modeli 2013. Hasara ya beliti ni kwamba ukitaka kubadilisha uwiano wa gia unabadilisha puli na wakati mwingine beliti yenyewe, wakati cheni ina uhuru zaidi. Kurudi nyuma sio shida, tustroki za kisasa hazihitaji gia ya rivasi, kompyuta inaipunguza kasi injini mpaka karibu izime, kisha inaipiga cheche izunguke kinyume.

Na milimani unahitaji kila msaada, injini isiyo na tabo (turbo) inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila mita 1000 unazopanda. Mji wa Revelstoke uko chini ya mita 500, huko juu tunakochezea ni mita 2000 na zaidi. Fanya hesabu mwenyewe nguvu za farasi ngapi zimebaki.

Sailensa nyepesi?

Inatoa kilo 3 mpaka 5 hivi na ndio kitu cha kwanza kila kijana anataka, kwa sababu ya sauti, tusidanganyane. Marekani sledi zilizotoka tangu 1975 zinatakiwa zisizidi desibeli 78 kwa umbali wa mita 15 ukivuta mafuta yote, na majimbo mengi yanakamata walioweka za kelele. Njia nyingi huku zinapita kwenye mashamba ya watu, mwenye shamba akichoka na kelele anafunga geti na mnakosa wote. Ukitaka nyepesi nunua yenye ufumwele wa kutosha ndani, na ubadilishe ufumwele ukiungua. Nyingine ndogo zinatoa joto zaidi kwenye paneli, ukaja kuniuliza tena kuhusu kisima cha mguu.

Betri ya lithiamu ni salama kwenye baridi?

Ni uzito rahisi kutoa, ya risasi inaweza kuwa na kilo zaidi ya 5 na ya lithiamu chini ya 2. Lakini ina tabia zake, asubuhi ya nyuzi -25 ukibonyeza stata inakuwa kama imekufa, washa taa dakika moja mbili ijipashe moto kwa kutoa umeme, ndio ubonyeze tena. Na usiichaji ikiwa chini ya sifuri, inaharibika ndani, ilete ndani kwanza. Njia nyepesi zaidi ni kuvuta kamba. Ski-Doo, chapa nyingine ya sledi, wana mfumo usio na betri kabisa, unavuta kamba mara ya kwanza ya siku, kisha kapasita inashika umeme wa kuwashia ukizima njiani.

Springi za titani au shokapu za hewa?

Titani ina uzito wa kama gramu 4.5 kwa kila sentimita ya ujazo wakati chuma ni gramu 7.85, kwa hiyo springi ya titani ni nyepesi kweli na haibadiliki na baridi. Bei yake ndio shida. Shokapu za hewa ni nyepesi zaidi maana springi hakuna kabisa, ila hewa inasinyaa kwenye baridi: ukijaza gereji kwenye nyuzi 20 halafu ukatoka kwenye nyuzi -20 presha inashuka kama asilimia 14 na sledi inakaa chini nyuma. Jaza nje baada ya kuiacha ipoe. Mimi kwa mtu asiyependa kuhangaika na pampu namwambia abaki na springi za chuma na hela anunue vikanyagio.

Nitoboe matundu kwenye taneli ipungue uzito?

Taneli ndiyo fremu ya sledi. Alumini ina gramu 2.7 tu kwa sentimita ya ujazo, tundu la ukubwa wa sarafu unatoa gramu chache mno, matundu mengi hata nusu kilo hayafiki, na kila tundu ni mwanzo wa ufa. Na ikishapata matundu theluji inapenya sehemu mpya inaganda. Ukishakuta ufa, toboa kitundu kidogo kwenye ncha yake ili ufa usiendelee, sugua kingo, kisha bandika kiraka cha riveti. Kutoboa sehemu isiyo na ufa kwa kupenda, hapana.

Bolti za titani?

Mwisho kabisa kwenye foleni.

Nitoe nini kati ya: ile fimbo ya mbele ya kuzuia sledi isiinamie ubavu, magurudumu madogo ya reli, na pazia la nyuma (ule mpira unaoning'inia nyuma ya treki)?

Fimbo ya mbele toa kama unakaa kwenye theluji nzito tu, sledi inalala ubavu kirahisi na ni pungufu ya kilo kama moja na nusu au mbili. Kwenye njia ngumu utainama kila kona kama boti.

Magurudumu madogo ya reli ni sehemu ya kushikia barafu, kwa hiyo kwenye theluji laini kuyapunguza ni faida mbili. Kwenye njia ngumu yanaokoa plastiki za reli, yaache.

Pazia la nyuma ndilo linanichanganya, watu wanalikata fupi kabisa, theluji haijai nyuma, safi. Lakini pazia ndilo linazuia theluji isikimbie kabla ya kupooza rejeta, na linamkinga anayekufuata asipigwe na mawe. Kata kidogo tu sehemu inayokanyagwa na treki ukirudi nyuma.

Vitu gani nisiguse hata iweje?

Kava la klachi, beliti ikipasuka kwenye mwendo ule ni kisu na kava ndilo linakukinga, liko karibu na mguu wako. Taa ya mbele. Kamba ya kuzimia. Na vifaa vya poromoko la theluji: kirusha mawimbi kifuani (cha kukutafutia ukifukiwa), koleo na fimbo ya kuchokonolea theluji mgongoni, kila mtu na vyake, sio kimoja kwa kundi. Nishasikia mtu anaacha koleo ili apunguze gramu 700. Asubuhi soma taarifa ya Avalanche Canada (shirika linalotangaza hatari ya maporomoko ya theluji) ya eneo lako, ndiyo uanze kuzungumza uzito.

Kama ni rahisi hivyo kwanini viwanda havitoi sledi nyepesi tangu mwanzo?

Wamekuwa wakifanya hivyo muda wote. Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec, miaka ya 1930 alitengeneza gari zima la theluji la kubeba watu saba, kwa sababu injini nyepesi za kuaminika hazikuwepo. Zilipopatikana ndogo akatoa Ski-Doo mwaka 1959, ya mtu mmoja au wawili. Kiwanda kinatengeneza sledi moja imfae wa njia, wa mlima, mzito, mwepesi, na isirudishwe na waranti, kwa hiyo wanabakisha chuma ambacho wewe kwa matumizi yako unaweza kutoa.

Waranti na kuuza itakuwaje?

Kabla ya kugusa ekzosi, klachi au kompyuta ya injini muulize muuzaji akuandikie kwa maandishi kipi kinaua waranti, maneno ya mdomo dukani hayakusaidii. Vikanyagio, plastiki, foili na sponji kwa kawaida havina shida. Vipuri vya asili usivitupe wala kumpa mtu, weka kwenye boksi pamoja na bolti zake kwenye mfuko wenye jina. Mnunuzi wa huku anauliza sailensa ya asili iko wapi kabla hajauliza bei, na ukiwa nayo unauza sledi na vipuri vyepesi kila kimoja peke yake, hela yako inarudi nyingi zaidi.